Moto mpole unaotoboa siri ya vumbi



Wazee wetu walijua kupata chumvi bila kwenda dukani. Walikata majani ya mtoni, wakayakausha, wakayachoma, wakakusanya majivu. Kisha wakayatilia maji, wakayachuja, wakapika maji yale mpaka chumvi ikabaki katika chungu. Mtoto aliyeketi karibu na nkambo wake aliona jambo kubwa bila kujua: moto unakula jani, lakini hauli chumvi iliyokuwa ndani ya jani. Kile kilichotoka katika udongo kinabaki katika majivu.

Leo hatutaki kufundisha kupika chumvi. Tunataka kusema juu ya vifua vyetu. Watu wa laboratwari wanatumia akili ile ile ya nkambo kusudi wajue ni mawe gani yanaelea katika hewa ya mgodi, na ni mawe gani yamekwisha kuingia katika mapafu ya mtu. Wanachoma kile kinachoweza kuchomeka, wanabakiza jiwe, wanalitazama. Lakini moto wao si moto wa makala. Ni moto mpole wa oksijeni. Sisi tunaona kwamba kila mtumikaji anapashwa kuujua, kuudai na kuusaidia. Wako wasiokubali, tutajibu maneno yao mbele ya kumaliza.

Jirani aliyekufa bila jibu

Katika kambi nilimokulia palikuwa baba mmoja, jirani yetu. Alitumika miaka mingi na mashini ya kutoboa mawe. Jioni alirudi nyusi zake nyeupe kama za mzee, na sisi watoto tulicheka. Alipofika umri wa miaka 40 na kitu, alianza kupumzika katikati ya njia kutoka kisimani mpaka nyumbani. Kisha akaanza kukohoa. Alipewa dawa za kifua kikuu, akazimaliza. Akapewa tena, akazimaliza tena. Makohozi yake yalipotazamwa, mdudu wa ugonjwa ule hakuonekana. Lakini kila mtu alisema ni kifua kikuu tu, ameupata huko mtaani, si mambo ya kazi.

Alipokufa, mke wake alifunga vyombo katika mashuka na kuondoka kambini pamoja na watoto watano. Alipouliza kama kazi ndiyo iliyomwua bwana wake, hakuna aliyeweza kumjibu ndiyo, wala hakuna aliyeweza kumjibu hapana. Sisemi waganga walikuwa wabaya. Nasema hivi: hakuna aliyepima hewa aliyoivuta, na hakuna aliyetazama kilichokuwa ndani ya kifua chake. Mahali pasipo kipimo, mwenye sauti kubwa ndiye anayeshinda, na mjane hana sauti kubwa.

Ni kwa ajili ya mama yule ninaandika maneno haya.

Mizani peke yake haitoshi

Vumbi tunaloliona si lile la kuogopewa zaidi. Vumbi nene linakamatwa na pua na koo, tunalitema. Vumbi linaloua ni dogo kupita unywele mara nyingi. Halionekani kwa macho, linabaki hewani muda mrefu nyuma ya mlipuko, na linashuka mpaka mwisho kabisa wa pafu, pale hewa inapoingia katika damu.

Katika vumbi hilo, adui mkubwa wa mchimbaji anaitwa silisi, na hasa kwarsi, lile jiwe gumu linalong'aa kama kioo. Chembe za mwili zinazolinda mapafu humeza kijiwe cha kwarsi zikidhani ni uchafu wa kawaida. Haziwezi kukiyeyusha. Zinakufa, kijiwe kinatoka, zinakuja nyingine, nazo zinakufa. Pahali pa vita hiyo panabaki kovu, na kovu halivuti hewa. Makovu yakiwa mengi, mtu ana silikozi. Hakuna dawa ya kuyaondoa. Tena kifua chenye silisi kinapatwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi, kwa hiyo magonjwa haya mawili huweza kukaa katika mtu mmoja. Mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa liliandika kwarsi ya vumbi katika orodha ya vitu vinavyoleta kansa kwa mwanadamu.

Sasa, namna gani tunajua mtu anavuta kwarsi ngapi? Anafungwa pompi ndogo kwenye mkanda. Mrija unapanda mpaka karibu na kola ya shati, na hapo kuna kichujio chembamba cha duara. Pompi inavuta hewa siku nzima kama mtu anavyovuta. Jioni kichujio kinapelekwa kupimwa.

Hapa ndipo kosa linapoingia. Watu wengi wanadhani inatosha kuweka kichujio katika mizani. Mizani itasema kweli juu ya uzito, lakini haitasema ni uzito wa kitu gani. Juu ya kichujio kuna moshi wa mashini za mazuti, kuna mvuke wa mafuta ya mashini ya kutobolea, kuna unga wa mbao, na kuna mawe ya namna nyingi. Sisi wa Katanga tunajua kwamba mawe hayafanani. Shaba yetu ya upande wa Kolwezi iko ndani ya dolomi na ndani ya mawe ambayo wajioloji wameyapa majina ya herufi, RSC na RSF. Herufi S ya katikati ni ya silisi. Wawili wanaweza kutumika katika mgodi mmoja, vichujio vyao vikawa na uzito sawasawa, lakini mmoja amevuta zaidi dolomi na mafuta, na mwenzake amevuta zaidi kwarsi. Kwa mizani wako sawa. Kwa mapafu hawako sawa hata kidogo.

Tufanye hesabu kidogo. Pompi nyingi huvuta litri 1.7 za hewa kila dakika. Kwa kazi ya saa 8 ni litri 816, haifiki meta kyubu moja. Marekani ilishusha mwaka 2016 kipimo cha silisi kwa viwanda vyake vingi mpaka miligramu 0.05 kwa kila meta kyubu ya hewa. Maana yake, mtu akifika kwenye kipimo hicho, kichujio chake kitakuwa na kwarsi ya miligramu 0.04 tu. Punje moja ya sukari unayotia katika chai inapita uzito huo mara nyingi. Kitu kidogo hivi ukikitafuta ndani ya moshi na mafuta, hutakiona. Sherti kwanza kuondoa vingine vyote.

Moto mkali unadanganya

Mtu atasema: basi choma kichujio katika tanuru, tazama majivu. Watu wa laboratwari wanafanya hivyo pia, na mara nyingine inafaa. Lakini moto mkali una hila yake, na sisi hatuhitaji kwenda Ulaya kuijua.

Tazama matofari. Unachukua udongo wa kichuguu, unaukanda, unaupanga, unauchoma usiku kucha. Asubuhi ni tofari. Lilowanishe mwaka mzima, halitarudi kuwa udongo tena, kwa sababu moto umetoa maji yaliyofungwa ndani ya udongo wenyewe na kuugeuza kitu kingine. Udongo mweupe unaoitwa kaolini unageuka hivyo moto ukifika digri 500 hivi. Tazama tena malakita, lile jiwe la kijani ambalo walaji wa shaba wa zamani waliliyeyusha na kumwaga misalaba. Likiingia motoni, mbele ya kuwa shaba linapoteza ukijani wake na kuwa jeusi. Piriti, jiwe la chuma na kiberiti linalong'aa kama dhahabu, likichomwa linakuwa jekundu kama kutu.

Sasa fikiri: umechoma kichujio au kipande cha pafu katika tanuru kali, kisha unauliza majivu, «ni mawe gani yaliingia katika mtu huyu?» Majivu yatakuonyesha mawe ambayo hayakuwamo, na yatakuficha mawe yaliyokuwamo. Hata kwarsi, ijapokuwa ni ngumu, ikichomwa sana pamoja na chokaa nyingi huweza kuungana nayo na kupungua katika hesabu. Huo ni ushahidi ulioharibika. Ni kama kumwuliza shahidi nyuma ya kumpiga.

Moto mpole ni nini?

Njia ya oksijeni ilikuja kutumika sana tangu miaka ya 1960. Tuieleze kwa maneno ya nyumbani.

Kuna chumba kidogo cha kioo, kama chupa nene iliyolala. Kichujio, au kipande cha makaa ya mawe, au kipande cha pafu kilichokaushwa, kinawekwa ndani. Pompi inatoa hewa karibu yote. Kisha inaingizwa oksijeni kidogo sana. Kuzunguka chumba hicho kuna waya unaotoa nguvu ya umeme ya namna ile inayobeba sauti ya redio; mashini nyingi hutumia megahezi 13.56. Nguvu hiyo inaichangamsha oksijeni mpaka inaanza kuwaka kwa mwanga hafifu wa rangi ya samawi au zambarau. Hali hiyo ya gesi iliyochangamshwa inaitwa plazma. Radi ya mvua ni ndugu yake, na taa ndefu nyeupe ya ofisini pia ni ndugu yake.

Oksijeni ya kawaida tunaivuta bila kuungua, kwa sababu chembe zake zimeshikana mbili mbili. Katika plazma zinaachana, na kila moja peke yake inatafuta cha kushika kwa njaa kubwa. Inashika kaboni ya kichujio, ya mafuta, ya moshi, ya nyama. Vinakuwa gesi na mvuke wa maji, pompi inavitoa nje. Kazi hii inafanyika bila joto kubwa. Mara nyingi ndani ya chumba hakufiki digri 150, wakati tanuru la laboratwari linafika 500 au 600. Ni kuungua bila ndimi za moto. Kichujio kinakwisha kwa saa chache. Makaa ya mawe au pafu huweza kudai siku nzima au zaidi, kwa sababu moto huu unakula kutoka juu kwenda ndani, na inafaa kukoroga majivu mara kwa mara.

Mwisho wa kazi, chini ya sahani kunabaki unga mwembamba. Huo ndio mawe yenyewe, karibu namna yalivyoingia: udongo bado ni udongo, piriti bado ni piriti, kwarsi ni kwarsi. Kisha unga unapigwa miali ya X, na kila jiwe linarudisha alama zake kama mtu anavyoacha alama ya kidole. Au unapitishwa mwanga wa infraruji, na kwarsi inajulikana kwa mwanga inaoumeza. Au unawekwa chini ya mikroskopu ya elektroni, inayoonyesha hata uzi mdogo kuliko mdudu wa ugonjwa.

Njia hii imekwisha kuonyesha nini?

Mwaka 1965 mjioloji wa Illinois, huko Marekani, jina lake Gluskoter, aliandika namna alivyochoma makaa ya mawe kwa oksijeni na kubakiza mawe yaliyofichwa ndani yake. Mbele ya hapo, watu walijua zaidi majivu ya tanuru kuliko mawe ya kweli ya makaa. Nyuma ya hapo, njia hii ilienea. Idara ya usalama wa migodi ya Marekani hutumia moto huo mpole kuchoma vichujio vya wachimbaji wa makaa ya mawe, kisha hupima kwarsi kwa infraruji. Maana mchimbaji wa makaa ya mawe ana vumbi jeusi jingi, na kwarsi inajificha ndani ya weusi huo.

Mfano wa pili ni wa amianti, ule uzi wa jiwe uliotiwa katika mabati ya saruji, katika breki na katika vitambaa vya kuzuia moto. Mwaka 1960 munganga Wagner na wenzake wa Afrika ya Kusini walieleza juu ya watu 33 waliopatwa na kansa ya ngozi inayofunika mapafu, wengi wao wa upande wa migodi ya amianti ya samawi katika Cape ya kaskazini. Na hapa wamama wasikie vizuri: wengi kati ya wale hawakuwa wachimbaji. Waliishi tu karibu na migodi, wengine walicheza hapo utotoni. Nyuma ya miaka hiyo, laboratwari zilianza kuchoma vipande vya mapafu kwa oksijeni na kuhesabu nyuzi chini ya mikroskopu, hata kutambua ni amianti ya namna gani. Pafu la mtu ambaye hakuandikwa kamwe katika buku la mgodi liliweza kuonyesha jiwe la mgodi. Huo ni ushahidi ambao hakuna karani anayeweza kuufuta.

Mfano wa tatu ni wa sheria. Huko Afrika ya Kusini, sheria ya mwaka 1973 juu ya magonjwa ya migodini inaruhusu mapafu ya mchimbaji aliyekufa kutazamwa na waganga wa serikali huko Johannesburg, jamaa wakikubali, hata kama alikufa kwa sababu nyingine. Ugonjwa wa kazi ukionekana, jamaa wanaweza kulipwa. Waganga wale hutazama kwanza kwa mikroskopu ya kawaida, si kila pafu linaingia katika mashini ya oksijeni. Lakini fikira ni ile ile: mwili wa mtumikaji una haki ya kushuhudia.

Tusisifu kupita kiasi

Gazeti hili halipendi kuuza dawa ya kuponya kila ugonjwa, basi tuseme pia upungufu wa njia hii. Moto mpole unagusa mawe machache. Jipsi, kwa mfano, inapoteza sehemu ya maji yake na kuwa plasta. Kiberiti kilichokuwa katika makaa chaweza kuungana na chokaa na kufanya chumvi mpya. Nyuzi za amianti huweza kukatika wakati wa kazi, uzi mmoja ukahesabiwa kama miwili. Kwa hiyo laboratwari nyingine huyeyusha pafu kwa dawa ya maji badala ya kulichoma. Na kazi hii inadai mikono safi: vumbi la meza likiingia katika sahani, utampa mtu ugonjwa usio wake.

Tena, mashini hii haikingi mtu. Inasema tu. Kinachokinga ni maji katika mashini ya kutobolea, maji juu ya mawe yaliyolipuliwa, upepo mzuri, kungoja moshi na vumbi vitoke mbele ya kuingia, na maske nzuri mwisho wa vyote. Kipimo bila maji ni kama kuhesabu wezi na kuacha mlango wazi.

Majibu kwa wasiokubali

Wa kwanza anasema: «Mashini hiyo ni ghali, fedha zinunue maske.» Tunajibu: maske ni lazima, lakini utajuaje kama maske inatosha, na ni ya nani kwanza, usipojua kwarsi iko wapi? Wala si lazima kila mgodi uwe na mashini yake. Kichujio ni chepesi kuliko barua. Kinaweza kufungwa vizuri katika kopo lake na kutumwa kwa laboratwari iliyo mbali.

Wa pili ni mtumikaji mwenzetu. Anasema: «Pompi ile ni ya kutupeleleza.» Nimeona mtu akiitundika pompi katika chumba cha kuvalia nguo, akaenda kutoboa mawe, akairudia jioni. Nimeona mwingine akiifunika kwa salopeti. Ndugu, pompi haina sikio. Inavuta hewa tu. Ukiitundika pahali safi, itaandika kwamba unavuta hewa safi. Siku utakapokohoa, karatasi hiyo ya uongo itatolewa, na mkono ulioiandika ni wako.

Wa tatu ni kapita anayetaka namba nzuri. Siku ya kupima anamwagia maji kila pahali, siku nyingine maji hayako. Kwake tunasema: kama unaweza kumwaga maji siku ya pompi, basi unaweza siku zote. Umekwisha kujishuhudia mwenyewe.

Wa nne ni jamaa. Wanasema: «Maiti asiguswe.» Neno hili ni zito, wala hatutalicheka. Kila nyumba ina desturi yake na imani yake, na hakuna mtu awezaye kuwalazimisha. Lakini tunawaomba mlizungumze mapema, wakati baba angali mzima na anaweza kusema mapenzi yake, si siku ya kilio. Mwingine atakataa, na imekwisha. Mwingine atasema: «Kama kifua changu kinaweza kuwapatia watoto haki yao, kitazameni.» Neno hilo pia liheshimiwe.

Tunadai nini?

Maoni yetu ni haya, na tunayatoa kwa wakubwa na kwa watumikaji pamoja.

1. Vichujio visipimwe kwa mizani tu. Kila mahali penye mawe ya silisi, kwarsi yenyewe itafutwe, na laboratwari iseme ilichoma namna gani.

2. Mtumikaji aliyevaa pompi apewe jibu lake kwa lugha anayoijua: ulivuta kiasi hiki, kipimo ni hiki, tutafanya hivi. Jibu linalolala katika sanduku la ofisi halisaidii kifua cha mtu.

3. Majibu ya kila pahali pa kazi yabandikwe kwenye mlango wa mgodi, kama saa za kazi zinavyobandikwa.

4. Karatasi hizo zihifadhiwe miaka mingi, pamoja na picha za kifua. Silikozi mara nyingi hujionyesha nyuma ya miaka 10 au 20, hata mtu akiwa amekwisha kuacha kazi. Buku likitupwa, haki imetupwa.

5. Nguo za kazi zifuliwe kazini. Pahali pasipo njia hiyo, mama azilowanishe mbele ya kuzishika, asizikung'ute ndani ya nyumba wala karibu na watoto. Baba aoge mbele ya kumbeba mtoto.

6. Ndugu zetu wanaochimba kwa mikono na kusaga mawe kwa nyundo wasisahauliwe. Hao hawana pompi wala kapita, lakini kwarsi haiulizi mtu kama ana matrikuli.

Ndugu watumikaji, mtu anayetumika chini ya ardhi anajua vizuri kuogopa jiwe kubwa linaloning'inia juu ya kichwa. Analigonga kwa chuma, anasikiliza sauti yake, anaondoka pale sauti inapokuwa mbaya. Lile jiwe dogo lisiloonekana nalo lina sauti yake, lakini sikio letu halitoshi kuisikia. Pompi, kichujio na moto mpole wa oksijeni ndivyo chuma chetu cha kuligongea.

Mjane wa jirani yetu aliondoka kambini bila jibu. Yule atakayekuja nyuma yake na kuuliza kama kazi ndiyo iliyomwua bwana wake, apate kujibiwa kweli, ikiwa ndiyo au ikiwa hapana. Na lililo bora kupita yote: tupime mapema, tumwage maji mapema, kusudi mama huyo asiwe na sababu ya kuuliza.

Vaa pompi yako. Dai jibu lako. Lowanisha jiwe mbele ya kulitoboa.